Saa Mbili Katika Nyumba Moja

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii hutajwa mno katika insha za shule na katika mabaraza ya wazee, na aghalabu hufasiriwa kuwa kila mtu ana maoni yake. Fasiri hiyo si potofu, ila ni finyu. Methali inadai jambo zito zaidi: kwamba akili, mithili ya nywele, huota kwa namna mbalimbali. Ziko za singa na ziko za kipilipili, na chanuo linalopita kwa wepesi katika nywele hizi hukwama katika zile. Likikwama, anayelaumiwa ni mwenye nywele. Ni nadra chanuo kulaumiwa. Katika maisha ya kila siku ya familia, chanuo hilo huitwa mtihani, huitwa cheti, na wakati mwingine huitwa saa ya ukutani. Makala haya yanaishughulikia hiyo ya tatu.

Saa hudhaniwa kuwa chombo kinachosema kweli moja kwa watu wote. Kwa Mswahili haijawahi kuwa hivyo. Akrabu fupi ikielekea kwenye 8, jicho huona nane na ulimi husema mbili, wala mnenaji haoni kioja chochote. Hesabu yake huanzia macheo, si usiku wa manane. Na jua linapotua, usiku nao huanza hesabu yake upya. Lugha yenyewe imezoea kubeba hesabu mbili kwa pamoja. Katika juma moja mna Jumatano, yaani siku ya tano ukianzia Jumamosi, na papo hapo hufuata Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni siku ya tano. Watoto huyajua majina hayo wakiwa wangali wadogo na hawatatiziki, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba jambo hilo ni gumu.

Hesabu ya kuanzia macheo ina mantiki yake. Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana wake mrefu kabisa na ule mfupi kabisa kwa mwaka mzima ni nusu saa hivi. Huko jua ni shahidi mwaminifu. London, kinyume chake, hupata mchana wa zaidi ya saa 16 mwezi wa Juni na wa chini ya saa 8 mwezi wa Desemba. Anayehesabu saa tangu macheo katika mji kama huo, hesabu yake itayumba kama ngalawa katika dhoruba. Ndiyo maana watu wa nchi za mbali na ikweta walifikia hatua ya kuisogeza saa yenyewe. Mwaka 1895 George Hudson, mkusanyaji wa wadudu wa New Zealand aliyetamani mwanga zaidi baada ya saa za kazi, alipendekeza saa zisogezwe katika majira ya joto. Mwaka 1907 William Willett, mjenzi wa nyumba wa Uingereza, alichapisha kijitabu cha kulalamikia mwanga wa asubuhi unaopotea bure watu wakiwa wangali usingizini. Willett alifariki mwaka 1915 bila kuona matunda ya kampeni yake. Ujerumani ilisogeza saa zake tarehe 30 Aprili 1916 na Uingereza ikafuata tarehe 21 Mei mwaka huohuo, zote mbili zikiwa vitani na zikitaka kubana matumizi ya makaa ya mawe. Siku hizi saa za Uingereza hupelekwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hivyo, tofauti ya saa kati ya Uingereza na Kenya ni saa 2 katika majira ya joto ya huko na saa 3 katika majira ya baridi.

Kenya haina desturi hiyo, lakini saa yake pia ni mapatano ya watu tu, si amri ya jua. Katika enzi ya ukoloni iliwahi kuitangulia saa ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 30, na wakati mwingine kwa saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa 3 kamili. Hata leo jua huchomoza Kisumu takriban dakika 20 baada ya kuchomoza Mombasa, ilhali saa za miji hiyo miwili husoma mamoja.

Mambo haya yangeweza kubaki habari za vitabuni kama si familia za Kenya kutawanyika. Mwezi wa Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu ajira ya wahudumu wa afya, na hata kabla ya hapo wauguzi wengi walikuwa wamekwisha kuvuka bahari. Kubadilishwa kwa saa huko ng'ambo kumekuwa jambo la sebuleni huku nyumbani.

Ipo nyumba moja Kisauni, Mombasa, inayolidhihirisha jambo hili. Humo anaishi bibi wa miaka sabini na kitu, ambaye masomo yake yaliishia chuoni alikosomea Kurani, pamoja na mjukuu wake ambaye mwaka 2024 alikuwa na umri wa miaka tisa na alisoma Gredi ya 4. Mama wa mtoto ni muuguzi nchini Uingereza, na bibi ndiye aliyemlea mjukuu tangu akiwa na miaka minne. Kila Jumapili mama atokapo zamuni hupiga simu, na saa yake ya kupiga haibadiliki: ni saa kumi na moja na nusu jioni, kwa saa ya huko. Mjomba wa mtoto ni mhasibu jijini Nairobi. Yeye ndiye mlipaji wa karo, na kwa hiyo neno lake lina uzito katika nyumba hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo shule zilifungwa na mtoto akaja na karatasi zake za mtihani. Katika Hisabati, alichorewa saa nne na kutakiwa aandike, kwa Kiingereza, wakati ulioonyeshwa na kila moja. Palipotakiwa 8 aliandika 2, palipotakiwa 12 akaandika 6, na vivyo hivyo katika zile nyingine mbili. Zote zilitiwa alama ya kosa. Swali lililofuata liliuliza ni muda gani uliopita kati ya saa ya kwanza na ya pili. Alijibu kuwa ni saa 4, akapewa alama. Pembeni paliandikwa kwa wino mwekundu kwamba hajui kusoma saa.

Mjomba, aliyekuwa ameteremka pwani kwa mapumziko ya siku chache, aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Alisema mtoto ni mzito, na sababu anaijua. "Mchana kutwa anashinda nawe, Mama, anajifunza saa za kale. Januari nitamchukua Nairobi akasome na wenziwe." Bibi hakujibu. Ikaafikiwa kwamba jambo hilo lizungumzwe na mama mtu Jumapili ya tarehe 27 Oktoba, atakapopiga simu saa moja na nusu usiku kama ilivyokuwa kawaida ya miezi ile.

Jumapili hiyo saa moja na nusu ilifika na kupita. Mjomba alijaribu kupiga yeye, simu ikaita bila kupokewa.

"Amekwisha kusahau," alisema. "Sote tumeketi hapa tangu isha."

"Hajasahau, mwanangu," bibi akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akisuka. "Kusi ikishalegea, simu yake huja mtoto akikaribia kulala. Kaskazi ikiisha, mvua za masika zikinukia, hurudi pale pake. Mwaka jana ilikuwa hivyo, na mwaka juzi pia."

Mjomba akacheka. "Mama, upepo na simu wapi na wapi?"

Mtoto alikuwa kimya kwa muda. Kisha alichora saa mbili nyuma ya ile karatasi ya mtihani. "Mjomba, Mama aliniambia kwamba huko huamka siku moja wakakuta saa zimerudishwa nyuma kwa saa nzima. Bibi akisema simu huchelewa upepo ukibadilika, basi ndiyo siku hiyo. Mama hajachelewa. Kwao sasa ni saa kumi na nusu, bado yuko kazini."

Mjomba alikuwa na simu mkononi ambayo ingemwonyesha saa ya Uingereza kwa kubofya mara moja. Hakuwa ameibofya kwa sababu alikuwa na hakika kwamba tofauti ni saa mbili. Sasa akabofya, akatazama, akaiweka simu mezani. Ilipotimu saa mbili na nusu usiku, ikaita.

Mama alisimuliwa habari ya mtihani, akataka asomewe yale majibu manne, moja baada ya jingine. "Kaka, hesabu zake ziko sawa," alisema. "Aongezewe sita tu." Mjomba alijibu kwa upole kwamba mtihani hauna nafasi ya kuongezea mtu sita. Mazungumzo yakawa marefu. Mwishowe iliamuliwa mtoto abaki Kisauni mwaka wa 2025, na mjomba awe akimfunza Hisabati kwa simu kila Jumamosi, kwa Kiingereza cha mtihani.

Kisa hiki hakithibitishi kwamba mtoto huyo ni bingwa, wala kwamba mjomba ni mjinga. Mjomba alisema kweli kuhusu mtihani, na bila hesabu zake karo isingelipwa. Kinachodhihirika ni kwamba katika chumba kimoja mlikuwa na akili za namna tatu, na ni moja tu iliyokuwa na cheti. Bibi hakujua lolote kuhusu Willett wala vita vya 1916, lakini alikuwa ameutazama mwaka kwa subira hadi akagundua kwamba mabadiliko ya saa za Ulaya huangukia karibu na nyakati ambazo pepo za pwani hupokezana. Mtoto naye aliyaunganisha maneno ya bibi na maneno ya mama, akapata jibu ambalo hakuna kati yao aliyekuwa nalo kamili.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Howard Gardner alichapisha kitabu kilichodai kwamba akili si kitu kimoja kinachoweza kupimwa kwa namba moja. Alitaja aina saba: ya lugha, ya hesabu na mantiki, ya muziki, ya mwili na viungo, ya kutambua nafasi na maumbo, ya kuwaelewa wengine, na ya kujielewa. Baadaye aliongeza ile ya kuyaelewa mazingira asilia, ambayo pengine ndiyo angempa bibi wa Kisauni. Wapo wanasaikolojia wanaoipinga nadharia hiyo kwa hoja kwamba ushahidi wake wa kitaalamu ni haba, na kwamba vipaji visiitwe akili. Mabishano hayo ni halali. Hata hivyo, mjadala huu haukulazimika kusubiri Marekani, na Kenya yenyewe ina mchango ndani yake. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo Mkenya Frederick Okatcha, uliofanywa miongoni mwa watoto Waluo karibu na Ziwa Victoria. Watoto waliokuwa wajuzi zaidi wa dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati wa shuleni. Utafiti mwandani wake ulionyesha kwamba Kidholuo kina maneno manne ya dhana hii: rieko, yaani maarifa na ustadi, luoro, yaani heshima, paro, yaani fikra na uwezo wa kuanzisha jambo, na winjo, yaani uelewa. Kati ya hayo manne, ni rieko pekee iliyohusiana na alama za darasani. Shule, kwa maneno mengine, ilikuwa ikipima robo ya kile ambacho wazazi walikiita akili.

Kiswahili nacho kina akili, busara, hekima, werevu, maarifa na ung'amuzi, na wanafunzi wa isimu wanaweza kuchunguza ni lipi kati ya maneno hayo linalopata alama katika mtihani na ni lipi linaloachwa mlangoni. Lakini kuna kazi iliyo karibu zaidi. Sera ya elimu nchini Kenya hutaka watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao hadi Gredi ya 3, kisha kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Katika hatua hiyo mtoto wa pwani habadilishiwi lugha tu; hubadilishiwa saa. Mwingereza anapobadilisha saa yake, vyombo vya habari humtangazia mapema na usiku mmoja hutengwa kwa shughuli hiyo. Mtoto wa Gredi ya 4 husogezwa saa sita kwa siku moja, na hatangaziwi.

Kosa la mtoto wa Kisauni halikuwa la hesabu. Lilikuwa kosa la tafsiri, na jibu lake kuhusu muda ndilo linaloshuhudia, maana tofauti ya saa mbili na saa sita ni ileile ya nane na kumi na mbili. Mwalimu wa Hisabati hakupaswa kulijua hilo peke yake. Mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyohiyo, ambaye katika kipindi cha pili cha asubuhi humsahihishia mtoto "saa mbili" kwa alama ya vyema, ndiye aliyestahili kuvuka ukumbi na kumweleza mwenziwe kwamba mtoto anayeandika 2 anajua mambo mawili na amesahau kuuliza ni lipi linalotakiwa. Wanaosomea ualimu wa lugha hii wana wajibu wa kuvuka ukumbi huo. Gharama yake ni dakika tano, kwa saa yoyote ile.