Watoza Hongo wa Njia

Sisi tuliokulia Tabora hatushangazwi na majina makali. Mtemi Mtyela Kasanda aliitwa Mirambo, neno la Kinyamwezi ambalo hufasiriwa kuwa maiti. Hamad bin Muhammad el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliitwa Tippu Tip, na inasemwa kuwa huo ni mlio wa bunduki zake. Wote wawili waliyapokea majina hayo wakatembea nayo kifua mbele. Leo kambi ya jeshi mjini kwetu inaitwa Mirambo, wala hakuna anayesikia humo harufu ya maiti.

Ndiyo maana nayatilia shaka majina tunayowatungia matajiri wa teknolojia. Katika tungo za wenzangu nakutana na "papa", "simba wa mitandao", "wafalme wa data". Mshairi anadhani ametukana, kumbe amesifu! Papa huogopwa, na ni tajiri gani asiyependa kuogopwa? Linganisha na kupe, neno lililovuma enzi za Azimio la Arusha la 1967. Sijasikia bepari aliyejiita Kupe. Unene wake ni damu ya mwingine. Ukimtaja, huna budi kumfikiria ng'ombe. (Wabenzi lilichekesha, lakini siku hizi nani asiyelitaka hilo Benzi?)

Njia ya misafara imetuachia neno ninalolipenda zaidi: hongo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora iliwalipa hongo watemi wa nchi ilizozipita: nguo, shanga, nyaya za shaba. Ilikuwa ada ya njia, ikidaiwa mchana kweupe. Asiyepatana na mwenye njia alikwama. Mirambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871, njia ya Ujiji ilifungwa. Baadaye neno hilo likaingia gizani, likawa rushwa.

Wenye njia za leo wako mbali na Unyamwezi. Shairi langu haliwafikii wasomaji wengi bila kupita katika mitandao ya Mark Zuckerberg au Elon Musk, nami nalipa kwa habari zangu mwenyewe. Hiyo ni hongo kwa maana ya kale. Kisha Musk akatumia zaidi ya dola milioni 250 katika uchaguzi wa Marekani wa 2024. Meta na Amazon zikachangia dola milioni moja kila moja kwa sherehe za kuapishwa kwa Donald Trump, Januari 2025. Sheria za huko huruhusu michango hiyo, na mimi siandiki kwamba ni rushwa. Maana ya kale ya hongo naweza kuitetea mbele ya yeyote. Ile ya leo itamjia msikilizaji yenyewe.

Na kwa wanaohesabu mizani: "watoza hongo wa njia" ni nane kamili, na kina chake ni chepesi.