Uwanja Mmoja, Uwezo Mbalimbali



Atokaye kivuko cha Likoni akaifuata barabara ya Mama Ngina huipita mibuyu mikongwe, bahari ikiwa kuumeni kwake, hata aufikie uwanja wa Mombasa Golf Club, ulioasisiwa mwaka 1911. Mashimo yake ni tisa tu. Atakaye kumi na manane huzunguka mara mbili. Mgeni huudharau kwa udogo wake. Lakini msimu wa kusi, upepo wa baharini huupotosha mpira uliopigwa vyema, na chini ya majabali ni maji.

Tulifika wanne: sisi, wenzetu wawili tuliosoma nao chuo kimoja, na mpwa wetu, kijana hodari wa mchezo huu. Mmoja wa wale wenzetu alikuwa ameinuka karibuni kutoka maradhi ya kiharusi, na mkono wake wa kushoto haujarejea nguvu. Tukamwambia, "Bwana, wewe kaa kivulini utuandikie hesabu." Tulidhani tunamhurumia. Hakujibu; aliipokea kalamu akainamisha uso.

Mpwa wetu ndiye aliyesema kwa adabu, "Mjomba, si kuna handikapu?"

Tukatahayari. Handikapu ni mikwaju ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa katika hesabu yake, ili aweze kushindana na aliye hodari bila ya yeyote kudhulumiwa. Mwenzetu akakubaliwa mikwaju miwili kwa kila shimo, yaani kumi na minane kwa mzunguko mmoja. Kijana hakupewa hata mmoja. Tena mwenzetu akaruhusiwa kuanzia mbele, karibu zaidi na shimo.

Mpira wa kijana ulipaa juu na mbali, na mara mbili kusi ikauchukua usionekane tena. Wa mwenzetu ulikwenda chini chini, hatua sitini au sabini, ukiwa umenyooka. Upepo haukumpata. Tulimngoja kila mkwaju, na katika kungoja huko tukazungumza mambo ambayo tangu augue hatukuwa tumeyazungumza: hofu yake ya usiku, na uchungu wa kuona marafiki wakipunguza kubisha hodi.

Mwishoni tukahesabu. Kijana alipiga mikwaju 39. Mwenzetu alipiga 58. Tukiondoa 18, ikabaki 40. Alishindwa kwa mkwaju mmoja, naye akacheka kama alivyokuwa akicheka zamani. Sisi tulikuwa wa mwisho, wala hatukuwa na maradhi ya kusingizia.

Kabla ya kuagana tulimwomba radhi. Akasema, "Kivuli nilikuwa nacho nyumbani. Nilikuja kucheza."

Ndugu wasomaji, kila nyumba inaye mgonjwa au mzee aliyewekwa kivulini kwa jina la huruma. Tumpunguzie mzigo kwa kadiri ya udhaifu wake, lakini tusimtoe uwanjani.