Ghuba Ndogo za Mawe Huko Watamu

Sisi tuishio Silibwet, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, twajua vema kwamba kila kimo kina mmea wake. Chai hustawi huku juu penye baridi na mvua. Ukiteremka kuelekea Sigor na Chebunyo, chai hutoweka, ukaona mahindi na ng'ombe. Jambo hilo hilo laonekana Watamu, pwani ya Kenya, lakini huko mteremko wote ni wa hatua chache tu.

Watamu uko kiasi cha kilomita 100 kaskazini ya Mombasa, mji ambamo chai yetu hupigwa mnada. Ufuo wake ni mwamba mkavu uliokuwa matumbawe hai yapata miaka 125,000 iliyopita, na bahari imeuchimba hata ikafanya ghuba ndogo ndogo. Mgeni na achague siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, wakati wa bamvua. Siku hizo maji hupwa sana, na mwamba hubaki wazi asubuhi, kama saa nne hivi. Avae viatu, wala asisahau kwamba maji yatarudi.

Juu kabisa, mahali pafikiwapo na matone tu ya mawimbi, hukaa konokono wadogo waliofunga milango yao wasikauke. Chini yao kuna chaza walioshikamana na mwamba, wenye kingo kali kama wembe. Kisha vyafuata vidimbwi, na humo mna visamaki, na kaa abebaye gamba la konokono aliyekufa liwe nyumba yake. Mwisho ni nyasi za bahari, jongoo wa bahari alaye mchanga, kiti cha pweza mwenye mikono kama nyota, na pweza mwenyewe, ambaye shimo lake hutambulikana kwa magamba aliyoyatupa mlangoni. Mbele ya hapo ndipo yaanzapo matumbawe hai.

Basi kila kiumbe amepata daraja lake kwa kadiri awezavyo kuvumilia jua. Hata jiwe moja lina pande mbili: juu pana jua, na chini, penye giza na unyevu, mna sifongo na mayai ya viumbe vingi. Mtu akiligeuza jiwe hilo na kuliacha hivyo, wa chini huunguzwa na jua, na wa juu hufa kwa kukosa mwanga.

Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliwekwa mwaka 1968, na ndani yake ni marufuku kuvua samaki au kuokota makombe. Sheria hiyo ina maana. Samaki aitwaye kikande hula wale wanyama wa miiba watafunao mwamba. Akivuliwa mno, wao huzidi, na matumbawe husagika.

Lakini sheria haizuii kila jambo. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya yakageuka meupe yakafa. Joto la bahari halimo mkononi mwa mgeni wa siku moja, jiwe limo. Mkulima ajuaye hasara ya kuuacha udongo wazi hahitaji kuambiwa mara mbili: ukiinua jiwe, tazama, kisha ulirudishe polepole kama lilivyokuwa.