Mizani ya Chipukizi

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Msemo huu aghalabu hutajwa jioni, mtu akiisha kufanikiwa, na wale waliomjua utotoni wakikumbuka kuwa walimwona. Kuutumia asubuhi yenyewe, kabla ya jambo lo lote kutimia, ni kazi nyingine kabisa. Watu waliojitwika kazi hiyo ni watafuta vipaji wa mchezo wa besiboli katika Marekani. Wao hulipwa kwa kumtazama kijana wa miaka 18 na kusema atakuwa nani akifika miaka 27.

Kila mwaka timu 30 za ligi kuu hugawana kwa zamu vijana wa ridhaa, yaani wale wachezao katika shule na vyuo bila ya mshahara. Desturi hii ilianza mwaka 1965. Shabaha yake moja ilikuwa kuzizuia timu tajiri zisiwanunue vijana bora wote. Kwa hiyo, kwa jumla, dhaifu hutangulizwa na mwenye nguvu hungoja. Tangu mwaka 2021 zamu ni 20, na vijana zaidi ya 600 hutajwa majina. Kijana hachagui timu, bali timu humchagua yeye. Aweza kukataa na kurudi masomoni, lakini hawezi kuipelekea kipawa chake timu nyingine mwaka ule. Majina yakiisha kutangazwa, kazi ya kuwapima huanza tena. Wakubwa wa timu, waandishi na mashabiki huwapanga wageni hao safu kwa safu, huyu juu na yule chini, hata kabla hawajavaa nguo za timu.

Mizani itumikayo ina vipimo vinavyoanzia 20 na kukoma 80, na 50 ni kiasi cha mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Mpigaji hupimwa kwa mambo matano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kudaka na kurusha. Baadhi ya mambo haya hayana ubishi. Saa ya mkononi husema kweli juu ya mbio, na chombo cha kupimia mwendo husema kweli juu ya mkono wa mtupaji. Walakini jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani kuupata mpira kwa gongo, ndilo lililo gumu kupimwa. Mtupaji husimama mita 18 na kitu mbali na mpigaji, na mpira wake ukienda kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu ya sekunde haijatimia. Kijana wa shule hakutani na mpira wa namna hiyo kila siku. Huwapiga watupaji ambao wengi wao kesho watakuwa makarani na walimu. Tena chuoni hutumia gongo la madini, hali katika ligi za mshahara gongo ni la mti, nalo halimsamehi akoseaye. Basi mpimaji huona ushindi, asijue kama ni nguvu ya mshindi au unyonge wa mshindwa.

Historia ya kazi hii imejaa ushahidi wa ugumu wake. Mwaka 1966 New York Mets walikuwa na haki ya kuchagua mbele ya wote. Walimchagua mdakaji Steve Chilcott, ambaye aliumia na hakucheza katika ligi kuu hata siku moja. Wa pili alikuwa Reggie Jackson, aliyekuja kupiga mipigo 563 ya kuvusha mpira nje ya uwanja. Mwaka 1991 New York Yankees walimpa mtupaji kijana, Brien Taylor, dola 1,550,000. Mwaka 1993 bega lake liliumia nje ya mchezo, na ligi kuu hakuiona. Kwa upande wa pili, Nolan Ryan aliteuliwa katika zamu ya 12 mwaka 1965, Albert Pujols katika zamu ya 13 mwaka 1999, na Mike Piazza katika zamu ya 62 mwaka 1988, baada ya vijana 1,389 kutangulizwa mbele yake. Jina la Piazza lilitajwa kwa hisani, maana kiongozi wa timu ya Los Angeles Dodgers alikuwa rafiki wa baba yake. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Kiselema kililima kikapita jembe zima.

Kisa cha Billy Beane kina mafundisho zaidi. Mwaka 1980 watafuta vipaji walimwona ana kila kitu: urefu, mbio, nguvu na sura ya mshindi. Aliteuliwa katika zamu ya kwanza, akaacha nafasi ya chuo kikuu. Mpira wa ligi kuu ulimshinda, na mwaka 1990 aliacha kucheza akaomba kazi ya kutafuta vipaji. Baadaye alipoisimamia timu ya Oakland aliamini hesabu za matendo ya mchezaji kuliko uzuri wa mwili wake. Yaelekea alijua, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa umbo lililosifiwa. Lakini hesabu nazo hazikuwa unabii. Katika vijana wa zamu ya kwanza waliochaguliwa na Oakland mwaka 2002, Nick Swisher alidumu miaka mingi, na Jeremy Brown alicheza michezo mitano tu.

Kosa la mpimaji si dhambi, kwani hapana awezaye kusoma yaliyo bado kuandikwa. Hatari iko mahali pengine. Kijana aliyenunuliwa kwa fedha nyingi akishindwa leo, huambiwa ajaribu kesho, maana hasara yake ni hasara ya waliomnunua. Aliyepatikana kwa fedha kidogo akishindwa leo, kesho mahali pake pana mwingine. Hivyo hukumu ya siku ya kwanza hujitafutia ushahidi wake yenyewe. Mche uliodhaniwa mzuri hutiliwa maji ukastawi. Uliodhaniwa mbaya hunyimwa maji ukanyauka, na mkulima akajisifu kuwa aliona mbali.

Kupima hakuepukiki. Kila timu ina nafasi 26 za wachezaji katika ligi kuu, na wazitamanio ni maelfu. Lakini namba iandikwayo kando ya jina la kijana ni kisio la mtu mmoja, katika siku moja, juu ya kitu kinachokua. Mpimaji mwenye insafu huiandika kwa wino, kwa sababu kazi yamlazimisha, na huisoma tena mwaka wa pili kana kwamba aliiandika juu ya mchanga. Na kijana aliyewekwa mwisho wa safu ana haki ya jambo moja ambalo halimgharimu mtu sana: kutazamwa mara ya pili.