Usiliache Joka

Mpwa wangu mpenzi,

Karatasi ya mchezo wako wa sataranji wa mashindano imenifikia. Nilipanga kete barazani hapa Somanga, nikaucheza upya mara tatu, mara ya mwisho kwa taa.

Umeniandikia kwamba umeshauriwa uuache ulinzi wa Sisilia, hasa tawi lile la Joka, eti una hatari mno. Usiuache.

Moscow, mwaka 1974, Korchnoi alimchezea Karpov Joka hilohilo, katika fainali ya kumpata wa kupambana na bingwa wa dunia, Bobby Fischer. Hatua ya 14 Karpov alimsukuma askari wa pembeni akamtoa kafara, ngome yake ipate njia nyeupe mpaka kwa mfalme. Mwingine hapo angevamia moja kwa moja. Yeye, hatua ya 16, akamrudisha nyuma farasi wa katikati ili amlinde farasi mwenzake. Hatua ya 19 akasogeza na ngome, kumlinda yuleyule! Maana Joka humvizia farasi huyo: ngome nyeusi hukubali kufa ilimradi imle, na akishaliwa ukuta wa mfalme mweupe hubomoka. Karpov aliziba kwanza, kisha akapiga. Hatua ya 27 Korchnoi akasalimu amri.

Sasa wewe. Mwenzio hakuziba. Hatua ya 15 ngome yako ilikuwa inamtazama farasi yule uso kwa uso, nawe ukaiondoa ikale askari wa pembeni. Mpwa wangu, niliumia. Hatua mbili umezitumia kwa askari mmoja, na mwenzio kwa hatua hizohizo akafika mlangoni kwa mfalme wako. Joka lina kosa gani hapo?

Kwenye bao hukuwa hivyo. Tangu mdogo, ukiwa na kete zako 22 za namua mkononi, ukiiona nyumba ya mwenzio imenona hukuwa mtu wa kuhangaikia kete mbili za kimbi. Wazee hapa bado wanakutaja.

Likizo uje na ubao wako. Basi la Lindi likisimama kwa wauza samaki utanikuta nakungoja. Tutaanzia hatua ya 15, kete nyeusi ushike wewe.

Mjomba wako,
Somanga