Ushahidi wa Mkuu wa Maabara



Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akautia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi ile sehemu iliyorowa hakuiweka juu ili watu waione. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Hadithi hii twaisoma madrasani kila mwaka, na kila mwaka twakimbilia hukumu yake ya mwisho, tukaupita ule mkono. Leo nataka tusimame kwenye mkono. Hakutosheka na kile kilichoonekana juu, wala hakumtuhumu mtu kwa sura yake. Aliutia mkono ndani, akauliza, akasikiliza jibu, ndipo akahukumu.

Mimi si katika wale wanaotafuta maabara ndani ya kila hadithi. Mambo hayo huwafurahisha vijana kwa siku mbili, na kitabu cha sayansi kikibadilika wanabaki na shaka katika dini yao. Ninalosema ni jepesi kuliko hilo: kuutia mkono ndani ya lundo la chakula kwa niaba ya Waislamu, na kwa niaba ya watu wote, ni fardhi kifaya, na katika serikali za leo fardhi hiyo imewekwa juu ya mabega ya watu waliovaa makoti meupe, ambao hatuwajui hata majina.

Wazee wetu walikuwa na muhtasib. Shaizari, aliyeandika kitabu chake cha hisba katika zama za Sultani Salahuddin, amewawekea waokaji mikate masharti ambayo ukiyasoma leo utadhani yametoka kwa bwana afya: mkandaji asikande unga kwa miguu, afunge kitambaa mdomoni asije akapiga chafya au akadondosha mate, afunge kitambaa kwenye kipaji jasho lisichuruzike, na awepo mtu wa kufukuza nzi. Hakuna katika zama zile aliyeijua bakteria. Walijua tu kwamba mlaji ana haki juu ya mpishi, na kwamba haki hiyo lazima iwe na mtu wa kuitazama.

Muhtasib wa leo hafukuzi nzi. Huletewa gramu 25 za chakula ndani ya mfuko uliofungwa na kuandikwa namba, naye hatakiwi kujua ni mali ya nani. Huzitia katika maji yenye lishe na kuziacha usiku kucha katika kabati lenye joto la nyuzi 37, ili kijidudu kama yupo apate nguvu azidi. Kesho yake humhamisha katika maji mengine yanayowadhoofisha vijidudu wengine na kumwacha yule anayetafutwa. Siku ya tatu humpanda juu ya sahani. Na akiota humhoji tena kwa vipimo vingine mpaka ajulikane kwa jina lake. Kwa salmonela kazi hii huchukua siku nne au tano. Huwezi kumharakisha kijidudu, kama usivyoweza kuiharakisha mimba.

Na pembeni ya sahani hizo huwapo nyingine mbili. Moja imepandwa kijidudu anayejulikana, ili ionekane kwamba lishe inafanya kazi. Nyingine haikupandwa kitu. Ile iliyoachwa tupu ikiota, mkuu wa maabara hutupa kazi yote ya siku ile hata kama watu kumi wameitolea jasho. Zaidi ya hayo, mara kwa mara huletewa sampuli za mtihani kutoka nje, asiyeijua siri yake ila aliyezituma. Msomaji aliyesoma elimu ya hadithi atalitambua jambo hili mara moja: ni jarhi na taadili. Kabla ya kusikiliza ushahidi, twamchunguza shahidi. Hata ile kanuni ya kimataifa ya maabara, iitwayo ISO/IEC 17025, mwanzoni mwa masharti yake imetaja kutoelemea upande na kutunza siri. Nayo ni mambo ambayo kadhi huulizwa kabla ya kukalia kiti.

Sasa nifikie lile lililonifanya niandike. Kijana mmoja niliyemsomesha Safina utotoni mwake alisoma akaendelea, hata akapewa ukuu wa maabara ya serikali inayopima chakula. Siku moja alinijia na swali, wala halikuwa la twahara wala la mirathi. Katika ghala palikuwa na maziwa ya unga ya mfanyabiashara mdogo, na sahani ya siku ya tatu ilikuwa imeota kitu kinachofanana na salmonela. Kinachofanana tu. Uthibitisho ulikuwa bado siku mbili.

"Maalim," akasema, "katika siku hizi mbili mimi ni nani? Nikitamka, huenda nikamdhulumu mtu. Nikinyamaza, huenda mtoto akanywa."

Hilo, ndugu msomaji, si swali dogo. Upande mmoja ipo Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, inayokataza kuficha ushahidi na kumhesabu mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Upande wa pili ipo Sura ya Al-Israa, aya ya 36, inayokataza kufuata usilo na ujuzi nalo. Mkuu wa maabara husimama baina ya aya mbili hizi kila siku ya kazi, na mshahara wake si mkubwa.

Nikamkumbusha yaliyotokea Ujerumani mwaka 2011. Watu walikuwa wakiugua kuhara damu na figo kushindwa kazi, kwa kijidudu aina ya E. koli. Tarehe 26 Mei wakuu wa mji wa Hamburg wakatangaza kwamba chanzo kimepatikana bila shaka, nacho ni matango kutoka Hispania. Maabara ilikuwa kweli imeona E. koli mwenye sumu juu ya matango yale. Baada ya siku chache ikathibitika kwamba hakuwa yule aliyewaua watu: ni wa jamii moja, kizazi kingine. Chanzo kikaja kujulikana kuwa ni mbegu zilizooteshwa na kuliwa mbichi, na mbegu zilizoshukiwa ni za uwatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Nao wakulima wa Hispania, ambao hawakuwa na kosa, walitupa mazao yao mashambani, hata Umoja wa Ulaya ukatenga zaidi ya Euro milioni 200 kuwafidia wakulima wa mboga.

Wapo wanaosema Hamburg walifanya haraka, ilikuwa wangoje. Mimi sioni hivyo. Watu walikuwa wakifa, na siku moja kabla yake mamlaka za afya zilikuwa zimekwisha kuwaonya watu wa kaskazini wasile matango, nyanya na saladi mbichi. Onyo lile lilikuwa la haki, kwa sababu lilisemwa kama tahadhari. Makosa yaliingia pale dhana ilipovikwa kanzu ya yakini, na mtu wa mbali akatajwa.

Upande wa pili nikamtajia Afrika Kusini. Mwaka 2017 madaktari waliona watoto wachanga wakizaliwa na listeria kwa wingi usio wa kawaida, na Desemba serikali ikatangaza mlipuko. Listeria ni kijidudu mbaya kwa wajawazito, na ubaridi wa friji haumzuii kukua. Januari 2018 watoto wa kituo kimoja cha malezi huko Soweto waliugua tumbo wakapelekwa hospitali. Maofisa wa afya wakaenda kituoni siku ile ile, wakachukua soseji nene zinazoliwa baridi zilizokuwamo frijini. Wanasayansi wa taasisi ya serikali ya magonjwa ya kuambukiza, Johannesburg, wakalinganisha: kijidudu wa mtoto na wa soseji walikuwa wa kizazi kimoja, kile kile kilichopatikana katika wagonjwa kiasi cha tisa katika kila kumi. Hapo hawakutaja bado. Walikwenda kiwandani Polokwane mwanzoni mwa Februari, wakapangusa mashine na sakafu, wakamkuta huko pia. Tarehe 4 Machi waziri ndipo akatamka mbele ya taifa, na bidhaa zikaondolewa madukani. Mpaka mlipuko unamalizika, wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa, na waliojulikana kufa walikuwa 216.

Hesabu mwenyewe siku baina ya ile friji ya Soweto na tangazo la waziri. Ni zaidi ya wiki saba, na katika wiki hizo watu waliendelea kula. Siwalaumu waliopima, walikuwa wakijenga ushahidi usiopingika. Lakini siwezi pia kukwambia kwamba subira ile haikuwa na thamani yake, na thamani hiyo ililipwa na akina mama.

Basi nikamjibu kijana wangu hivi. Usiseme yakini usiyokuwa nayo, wala usiifiche dhana uliyo nayo. Waandikie wenye mamlaka, kwa siri, kwamba mna dhana na kwamba uthibitisho uko siku mbili mbele. Wao wana uwezo wa kuizuia mali isitoke ghalani, wewe huna. Kuzuia madhara hutangulia kuleta manufaa. Jina la mwenye mali lisitoke mdomoni mwako, hata nyumbani kwako. Na akija mtu kukuomba upime tena mpaka yatoke matokeo mazuri, mwulize kama angemkubali shahidi anayerudishwa kizimbani mpaka aseme anachotakiwa.

Akafanya hivyo. Maziwa yakazuiwa. Siku ya tano jibu likatoka: hakuwa salmonela, bali jamaa yake asiye na madhara anayefanana naye kwenye sahani. Kijana akatia saini yaachiwe, kwa kalamu ile ile.

Lakini mwenye maziwa alikuwa amekwisha kulipia ghala siku hizo, na mteja wake mmoja alikuwa amekwenda kununua kwingine. Akaja ofisini kuuliza, kwa adabu, nani atamrudishia. Hana kosa yeye, wala aliyepima hana kosa. Mimi nasema ni juu ya baitulmali, kwa kuwa aliyezuiliwa kwa maslahi ya umma hulipwa na umma, kama walivyofanyiwa wakulima wa Ulaya. Masheikh wenzangu wawili niliowauliza wametofautiana nami. Mmoja anaona ni hasara ya biashara kama mvua na jua, mwingine anasema hakuna dhamana ila kwa aliyekosea. Bado tunalijadili kila baada ya sala ya Alasiri, na yule mtu bado hajalipwa.