Kuchagua Vifaa vya Ruta ya Kujiundia

Ndugu mwanachuo, bila shaka umekwisha kuambiwa katika kozi ya mbinu za kufundishia kwamba zana huchaguliwa kwa kutazama madhumuni ya somo. Nasi tulikuwa tukilisema jambo hilo mbele ya ubao kila mwaka, mpaka siku tuliposhindwa kulitenda wenyewe.

Maabara yetu ya kompyuta ilihitaji ruta, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na ule wa nje na kuelekeza taarifa kati yake. Fedha zilikuwa chache, tukaazimia kuiunda. Stoo palikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani yenye prosesa ya nguvu. Tuliipangusa vumbi, tukaichomekea kadi ya pili ya mtandao, kwa kuwa ruta huhitaji njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Kisha tukaipakia OpenWrt, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004. Ilifanya kazi, nasi tukajisifu.

Juma la tatu, wanachuo 34 walikuwa wakiandaa masomo ya Sayansi kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, wakisoma vitabu vilivyohifadhiwa katika kompyuta moja ya mkononi iliyokuwa mezani petu. Umeme ukakatika. Kompyuta zao zilikuwa na betri zake, lakini ruta yetu iliimaliza betri ya akiba kwa dakika 9. Vitabu vilikuwa hatua chache kutoka walipoketi, wala hakuna aliyeweza kuvifikia. Mwanachuo mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, huko tutakakopangiwa umeme hukatika mara kwa mara. Tukiunda ya namna hii, tutafundishaje?" Hatukuwa na jibu.

Jioni ile tuliipima kompyuta, tukaona inatumia wati 60. Ruta haizimwi usiku wala mchana. Kwa siku 30 hizo ni uniti 43.2 za umeme. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba rahisi ni ghali.

Tulianza upya, safari hii kwa maswali matatu. Kwanza, kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani? Laini yetu ilikuwa ya megabiti 20 kwa sekunde, mzigo ambao hata prosesa ndogo huumudu. Nguvu nyingi huhitajika pale laini inapokuwa ya kasi sana, au ruta inapotakiwa kufunga taarifa zote kwa msimbo wa siri. Pili, njia zake zikoje? Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 ina tundu la waya wa mtandao lisilozidi megabiti 100; Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 ina tundu la megabiti 1,000, na njia ya pili huweza kuongezwa kwa adapta ya USB 3.0. Tatu, umeme ukikatika, itadumu?

Tulichukua Raspberry Pi 4 na adapta yake. Redio yake ya Wi-Fi ni ndogo kwa darasa zima, hivyo tuliendelea kutumia kifaa cha kurushia mawimbi tulichokuwa nacho tangu awali. Tulipoipima, ilitumia takriban wati 5, yaani uniti 3.6 kwa mwezi. Umeme ulipokatika tena, betri ileile ilihimili hadi mwisho wa kipindi.

Hatusemi kwamba kompyuta kuukuu haifai. Mahali penye laini ya kasi na umeme wa kutegemewa yaweza kufaa sana. Kosa letu lilikuwa kuuliza kifaa kina nguvu kiasi gani, kabla ya kuuliza kitafanya kazi gani, na wapi.

Nawe utakapofika shuleni, uwe unachagua ruta, chati ya ukutani au vifuniko vya chupa vya kuhesabia, andika kwanza kazi na mazingira yake katika andalio lako la somo. Yule mwanachuo aliuliza swali ambalo sisi wakufunzi tulipaswa kuanza nalo.